Mtoto wa Mama Karanga

Kila asubuhi Mama Karanga aliwasha jiko la mkaa uani. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, na yeye hakulikataa. Alikaanga karanga kwenye sufuria pana, akizigeuza kwa mwiko mrefu mpaka zibadilike rangi. Kisha alizimwaga kwenye ungo, akazisugua kwa viganja, akapepeta. Maganda mekundu yaliruka, yakatapakaa uani kote.

Mwisho alizipeleka sebuleni. Huko, kati ya kochi na dirisha, ndiko ilikokuwa mashine yake ya kusagia. Ilikuwa mashine ndogo ya umeme, lakini kelele zake si mchezo. Ikiwashwa, watu ndani ya nyumba walizungumza kwa ishara. Siagi ya karanga ilitoka taratibu, laini na nzito. Mama Karanga aliijaza kwenye chupa, akaonja kidogo kwa ncha ya kidole, akafunga vifuniko.

Mume wake alikuwa fundi rangi. Alipaka nyumba za watu na alirudi jioni na madoa kutoka kichwani hadi miguuni.

"Leo umepaka nyumba, au nyumba imekupaka wewe?" Mama Karanga alimtania.

"Tumepakana," mumewe alijibu.

Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, wa miaka mitatu. Alikuwa na alama ndogo nyeusi kidevuni, kwa hiyo wote walimwita Kidoti. Kidoti alikuwa na maneno kuliko redio. Aliuliza kila kitu, na jibu moja halikumtosha.

Lakini ngozi yake ilimsumbua tangu akiwa mchanga. Ilikuwa kavu na ilimwasha. Siku nyingine mabaka yalimvimba shavuni au shingoni, kama ameumwa na mbu wengi kwa pamoja. Baada ya saa chache yalipotea. Siku nyingine alipiga chafya mfululizo, macho yakawa mekundu.

"Ni rangi zako hizo," Mama Karanga alimwambia mumewe. "Unamkumbatia mtoto ukiwa umejaa madawa ya kiwandani."

Fundi rangi alikubali. Akawa anavua nguo za kazi nje na kuoga kabla ya kumgusa mwanawe. Mabaka yaliendelea kuja.

Kulikuwa na jambo jingine. Kidoti hakutaka kabisa karanga. Ukimpa, alitema papo hapo.

"Inawasha," alisema, huku akijikuna ulimi kwa vidole.

Majirani walicheka. "Mtoto wa Mama Karanga hali karanga! Mwaka huu tutaona mengi."

Mama yake naye alicheka. Aliona ni mtoto tu, anachagua chakula.

*

Mwezi mmoja, mama mzazi wa fundi rangi alikuja kukaa nao. Bibi alikuwa mwembamba, mchangamfu, na mikono yake haikujua kukaa bure. Alimpenda sana mjukuu wake. Alimwita "mke mwenzangu", na walitaniana kutwa nzima.

Lakini Bibi hakufurahishwa na jinsi Kidoti alivyokula.

"Mwanangu," alimwambia Mama Karanga, "huyu mtoto mnamdekeza. Chakula chenye nguvu kimejaa humu ndani, naye anakitema! Niachie mimi."

Asubuhi iliyofuata Mama Karanga alikuwa uani akikaanga. Fundi rangi alikuwa akichanganya rangi kabla ya kwenda kazini. Bibi alikuwa jikoni na mjukuu wake. Aliponda ndizi mbivu kwenye bakuli. Kisha akachota kijiko kizima cha siagi ya karanga, akakichanganya humo mpaka kisionekane. Akaongeza sukari.

"Mke mwenzangu, fungua mdomo. Ndizi hii."

Kidoti alikula vijiko viwili. Cha tatu alikisukuma.

"Bibi, inawasha."

"Ndizi haiwashi. Haya, kimoja cha mwisho."

Kidoti alimeza. Baada ya dakika chache alianza kukohoa. Bibi alimpigapiga mgongoni, akidhani amepaliwa. Lakini kikohozi hakikuisha. Mtoto alijikuna shingo, akajikuna masikio. Midomo ilianza kuvimba, kisha macho. Akatapika. Alipojaribu kulia, sauti ilitoka nyembamba na ya kukwaruza, kama si yake.

"Mama Kidoti! Njoo! Njoo upesi!"

Mama Karanga aliangusha mwiko. Alipoingia jikoni, kwanza hakuutambua uso wa mwanawe. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi kila alipovuta pumzi. Fundi rangi alimnyakua mtoto, akatoka mbio nje.

Jirani yao alikuwa dereva wa teksi. Alikuwa akiosha gari. Alitupa ndoo pembeni kabla hajaulizwa.

"Ingieni! Kliniki ni dakika tano."

Njiani Kidoti alianza kulegea. Mama yake alimwita kwa jina lake, akamwita tena. Mtoto aliyekuwa na maneno kuliko redio hakujibu.

*

Nesi wa kliniki alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Alimtazama Kidoti mara moja tu, akainuka.

"Mlaze hapa. Amekula nini?"

"Ndizi," Bibi alisema. "Na karanga. Nilimchanganyia karanga."

Nesi hakuuliza zaidi. Alimchoma sindano kwenye paja, upande wa nje. Akainua miguu yake kidogo, akamwekea hewa ya oksijeni usoni. Mama Karanga alishika ukingo wa kitanda kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi.

Dakika zilipita. Filimbi ya kifuani ilianza kupungua. Kidoti akafungua jicho moja lililovimba.

"Mama," alisema.

Fundi rangi aligeukia ukutani. Mabega yake yalitikisika.

Mtoto alipotulia, nesi alivuta kiti akakaa nao.

"Mwanenu ana mzio," alisema. "Wengine huita aleji. Mwili wake unaichukulia karanga kama adui. Ikiingia, mwili unapigana nayo, na katika vita hiyo mtoto ndiye anayeumia. Ngozi inavimba, tumbo linavurugika. Vita ikikolea, njia ya hewa inaziba. Hapo ni suala la dakika."

"Kwa hiyo si rangi?" Mama Karanga aliuliza.

"Rangi gani?"

Walimweleza kuhusu mabaka, chafya na macho mekundu. Waliposema mashine ya karanga iko sebuleni, nesi alivua miwani.

"Mama, wewe ukisaga unaonja?"

"Naonja. Lazima nijue kama imekolea."

"Halafu unambusu mtoto?"

Mama Karanga aliitazama mikono yake. Kwenye kucha kulikuwa bado na maganda mekundu ya karanga.

"Alikuwa anatuambia," alisema polepole. "Mwaka mzima ametuambia inawasha. Sisi tulicheka."

"Ni mimi," Bibi alisema kutoka kwenye benchi. "Msimlaumu mtu mwingine. Mkono huu ndio uliomlisha."

Nesi alihamisha kiti chake, akakaa mbele ya Bibi.

"Mama, ulimpa chakula ambacho watoto wengi wanakula na kunawiri. Hukujua. Lakini kuanzia leo mnajua, wote watatu. Lawama haitamsaidia huyu mtoto. Kitakachomsaidia ni mpango."

"Tunaweza kwenda nyumbani sasa?" fundi rangi aliuliza. "Naona amepona."

"Hapana. Nguvu ya sindano inaisha, na hali hii inaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Lazima tumwangalie. Hata siku nyingine akipata nafuu haraka, mleteni. Msidanganyike."

Walikaa kliniki hadi jioni.

*

Waliporudi nyumbani, Mama Karanga alisimama mlangoni akiitazama sebule yake. Vumbi la karanga lilikuwa kila mahali. Lilikuwa juu ya kochi na juu ya pazia. Lilikuwa pia kwenye kapu la vitu vya kuchezea vya Kidoti, lililokaa hatua mbili kutoka kwenye mashine. Alikuwa ameliona vumbi hilo kila siku, na kila siku alilifuta bila kulifikiria.

"Usimwingize ndani," alimwambia mumewe.

Kidoti na baba yake walilala kwa dereva wa teksi usiku ule na usiku uliofuata.

"Labda uache hii kazi," fundi rangi alisema asubuhi.

"Nimeifikiria," Mama Karanga alijibu. "Lakini kazi hii ninaijua, na inatulisha. Karanga haina kosa. Kosa ni kuilaza chumba kimoja na mtoto. Mashine itahama. Tena leo."

"Itahamia wapi?"

"Sijui. Ila hapa hailali."

Alizunguka sokoni tangu asubuhi. Mwenye duka la nafaka alisema hana nafasi. Fundi cherehani alisema kelele zitamfukuzia wateja. Muuza magunia alimpa sharti moja baada ya jingine mpaka akachoka kusikiliza. Saa tisa alasiri alimkuta fundi wa kuchomelea vyuma. Nyuma ya karakana yake kulikuwa na banda tupu.

"Kelele unazimudu?" Mama Karanga alimuuliza.

Fundi alicheka. "Dada, mimi nagonga chuma kutwa. Mashine yako itanibembeleza."

Mashine ilihama jioni ileile kwenye mkokoteni, na sufuria, ungo na chupa vikaifuata. Kisha kazi ya nyumbani ikaanza. Walitoa kila kitu nje. Pazia lilifuliwa mara mbili. Kochi lilisuguliwa kwa sabuni na maji moto. Vitu vya kuchezea vilioshwa kimoja kimoja. Miiko na vibao vya mbao vilivyokuwa vimekolea mafuta ya karanga walivitoa, wakanunua vingine. Fundi rangi alikwangua kuta za sebule, akazipaka upya. Bibi alifagia maganda uani, kisha akapiga deki mpaka maji ya ndoo yakatoka meupe.

Siku ya tatu Kidoti aliingia, akaangaza macho.

"Mashine imekwenda wapi?"

"Imepata nyumba yake," mama yake alisema.

"Inalala na nani?"

Bibi alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Tangu hapo Mama Karanga alikuwa na nguo za kazi na za nyumbani. Gauni na viatu vya kazini havikutoka bandani. Kabla ya kurudi alinawa mikono na uso kwa sabuni na maji, akapiga mswaki. Nesi alikuwa amemwonya asitumie ile dawa ya kupaka viganjani peke yake. "Ile inaua vijidudu," alisema, "lakini karanga inabaki palepale. Sabuni na maji ndivyo vinavyoiondoa." Alipofika nyumbani alioga. Baada ya hapo ndipo alipomkumbatia mwanawe.

Siku za mwanzo zilimuuma. Kidoti alimkimbilia mlangoni mikono ikiwa wazi, naye akarudi nyuma.

"Ngoja kidogo, mama. Nioge kwanza."

Mara ya kwanza mtoto alilia. Mara ya pili alinuna. Baada ya wiki mbili alikuwa anakimbilia bafuni na kubisha mlango: "Umetakata?"

*

Wiki kadhaa baadaye walikwenda hospitali kubwa. Daktari wa mzio alisikiliza historia yote. Aliweka matone madogo ya vyakula mbalimbali kwenye mkono wa Kidoti, akaigusa ngozi kwa kijisindano kifupi kwenye kila tone. Baada ya robo saa, ngozi chini ya tone la karanga ilikuwa imevimba. Mengine yalikuwa kimya.

"Nilikuwa nimeshamkataza mayai, maziwa na samaki," Mama Karanga alisema. "Niliogopa."

"Mrudishie," daktari alisema. "Hivyo amekuwa akivila bila tabu, na kipimo kinakubaliana. Ukimnyima bila sababu atadhoofika. Adui wetu ni mmoja, na tumemjua."

Daktari aliwaandikia dawa ya maji ya vipele na sindano mbili za dharura. Kila sindano ilikuwa na umbo la kalamu nene. Nesi wa kliniki ndiye aliyewafundisha, kwa kalamu ya mazoezi isiyo na sindano ndani.

"Vipele vichache, au midomo kuwasha kidogo, mpeni dawa ya maji na mumwangalie kwa karibu. Lakini akikohoa mfululizo, kifua kikipiga filimbi, sauti ikikwaruza, ulimi ukivimba, au akilegea, msingoje. Dawa ya maji haitatosha. Sindano kwenye paja, hata juu ya nguo. Kisha mleteni. Dakika tano zikipita bila nafuu, tumieni ya pili."

"Na kama tukikosea?" fundi rangi aliuliza. "Kama hakuihitaji?"

"Moyo utamwenda mbio kwa muda, kisha atatulia. Kuchelewa ndiko kunakoua."

Alimpa kila mmoja ajaribu. Fundi rangi aliishika kalamu kama brashi, akacheka, akarekebisha. Zamu ya Bibi ilipofika, kalamu ilimponyoka. Ikaanguka.

"Mimi niacheni," Bibi alisema. "Nilishafanya yangu."

Mama Karanga aliiokota.

"Mama, mimi niko bandani mchana. Baba yake yuko juu ya ngazi kwenye nyumba za watu. Anayeshinda na Kidoti ni wewe. Usipojua wewe, ni sawa na hakuna anayejua."

Bibi akaishika kalamu, akaikandamiza kwenye paja lake mwenyewe.

"Hesabu mpaka kumi," nesi alisema.

Bibi alihesabu. Alifanya tena na tena, mpaka nesi akamwambia inatosha.

Lakini lilibaki tatizo moja. Bibi hakujua kusoma. Dukani, pakiti zote kwake zilikuwa picha tu.

Mama Karanga alikata kipande cha boksi. Akaandika kwa herufi kubwa: KARANGA.

"Soma hili moja tu, mama. Mengine tutayafikia."

Bibi alilikodolea macho. "Hizi zinazofanana ni zipi?"

"Hizo ni A. Ile ya kwanza ni K."

"Ziko tatu. Kama mafiga." Akapitisha kidole juu ya kila herufi. "Mwanzo K. Katikati haya mengine. Na mafiga yangu matatu."

Alilibandika boksi lile juu ya kitanda chake. Baada ya mwezi aliweza kulisoma neno lile kwa herufi ndogo pia. Dukani alianza kuwachosha wauzaji. Alisogeza kila pakiti karibu na macho, akapitisha kidole kwenye yale maandishi madogo kama chawa.

"Bibi, nunua au acha," muuza duka mmoja alimwambia. "Karanga kidogo haimdhuru mtu."

"Kidogo ndicho kilichompeleka mjukuu wangu kwenye oksijeni," Bibi alisema. "Nisubiri nimalize."

*

Kidoti alipofikisha miaka minne alianza chekechea. Mama yake alikwenda wiki moja kabla. Alimwonyesha mwalimu kifuko cha kitambaa chenye sindano mbili, dawa ya maji, na karatasi yenye picha ya Kidoti na maelezo ya nini cha kufanya.

"Nina watoto thelathini," mwalimu alisema. "Sitaweza kuangalia kila mdomo."

"Najua, mwalimu. Ndiyo maana nimekuja tufanye pamoja."

Alirudi siku iliyofuata na nesi. Mwalimu alijifunza kutumia kalamu. Alikubali kuwaomba wazazi wasifunge vyakula vya karanga. Kifuko hakikufungiwa kabatini. Kilitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, mbali na jua, mahali ambapo mtu mzima yeyote angekifikia. Kidoti akirudi nyumbani, kifuko kilirudi naye. Na Kidoti mwenyewe alifundishwa sentensi moja: "Nina mzio wa karanga, sili mpaka mtu wa nyumbani aangalie." Aliisema kwa kila mtu, hata kwa paka wa jirani.

Miezi ikapita salama.

Siku ya kufunga shule kulikuwa na sherehe ndogo darasani. Watoto waliimba. Wazazi walikaa kwenye viti vifupi, magoti yakifika kidevuni. Mama Karanga alikuwa bandani, fundi rangi alikuwa kazini, kwa hiyo aliyekwenda ni Bibi. Kifuko alikipachika begani.

Mzazi mmoja alileta biskuti. Alikuwa hajasikia ombi la mwalimu, maana mwanawe alihamia wiki ileile. Aligawa pakiti moja kwa kila mtoto. Kidoti alimpelekea Bibi yake mara moja.

Bibi aliisogeza karibu na macho. Kidole kikatembea, kikasimama.

"Mwalimu!" aliita. "Hizi zina karanga."

Mwalimu alianza kuzikusanya. Bibi akamsaidia. Lakini rafiki yake Kidoti, msichana mdogo mwenye huruma, alimwona mwenzake hana biskuti. Tayari alikuwa ameitoa moja kwenye pakiti. Akaivunja katikati.

"Hii haina pakiti," alimwambia. "Kula."

Kidoti alikuwa na miaka minne tu, na biskuti ilikuwa nzuri. Akauma.

Bibi aligeuka aliposikia kikohozi. Alikijua kikohozi kile. Alimwona mjukuu wake akijikuna shingo, midomo ikianza kujaa.

Wazazi walisogea. "Mpeni maji!" mmoja alisema. "Maziwa! Mpeni maziwa!" "Mtapisheni!"

"Nipisheni," Bibi alisema.

Hawakumpisha. Wakazidi kusogea.

"Nimesema nipisheni!"

Sauti ile ilitoka kwa mwanamke mwembamba ambaye hakuna aliyedhani anayo. Watu wakarudi nyuma. Bibi alimlaza Kidoti kwenye mkeka. Mwalimu alipiga magoti, akaishika miguu isirushwe. Bibi alichomoa kalamu kwenye kifuko, akavuta kizibo, akaikandamiza kwenye paja. Safari hii haikumponyoka.

"Moja. Mbili. Tatu..."

Mwalimu alihesabu pamoja naye mpaka kumi. Kisha akampigia simu dereva wa teksi. Bibi hakumruhusu Kidoti asimame hata alipotaka. Walimbeba akiwa amelala hadi garini, na kalamu ya pili mkononi mwa Bibi, tayari.

Haikuhitajika. Walipofika kliniki, kifua kilikuwa kimeanza kufunguka. Nesi alimpima, akamwekea oksijeni, akaangalia saa.

"Nani alimchoma?"

"Mimi," Bibi alisema.

"Baada ya muda gani?"

"Kikohozi cha tatu."

Nesi aliandika. Kisha akaweka kalamu yake chini, akamshika Bibi mkono.

*

Mama Karanga alipata habari akiwa katikati ya kusaga. Alikimbia kutoka sokoni na gauni lake la kazi, kitambaa cha kichwa kimelegea, vumbi la karanga mikononi na kwenye nyusi. Alifika mlango wa kliniki akihema. Kupitia dirisha la chumba alimwona mwanawe kitandani, Bibi pembeni yake. Kidoti alimwona pia. Akanyoosha mikono yote miwili.

Mama Karanga alitaka kuruka ndani. Mguu mmoja ulishavuka kizingiti. Kisha akajitazama.

Akaurudisha mguu nje.

"Nesi!" aliita, sauti ikimpasuka. "Niletee shuka. Na sabuni. Mimi nimejaa karanga."

Nesi alimletea. Nyuma ya kliniki kulikuwa na bomba na kichumba cha kuogea. Mama Karanga alivua gauni, kitambaa na viatu vya kazi, akavifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Alinawa viganja. Alisugua kati ya vidole, chini ya kucha, mikono hadi kwenye viwiko, shingo, uso, masikio. Alisukutua kinywa. Machozi yalimtoka na maji yakayabeba, naye aliendelea kusugua. Hakuharakisha. Alianza upya kutoka kwenye kucha.

Alipomaliza, alijifunga shuka jeupe la kliniki. Alitembea hadi chumbani.

Kidoti alimkagua kutoka juu hadi chini. Midomo yake ilikuwa bado mikubwa kidogo, lakini sauti ilikuwa ni yake.

"Mama, mbona umevaa kitanda?"

Nesi aliangua kicheko. Bibi aliinuka, akampisha mkwewe kiti. Mama Karanga hakukaa kwenye kiti. Alipanda kitandani na shuka lake, akamkumbatia mwanawe kwa mikono yote, shavu kwa shavu, na Kidoti akaanza kumsimulia sherehe yote tangu wimbo wa kwanza.